Injini ya mashine ya theluji kwenye pampu ya maji, Kasese: inakula petroli kiasi gani?

Nianze na hesabu, kwa sababu ndiyo kitu cha kwanza kila anayeiona pampu yangu huniuliza. Injini hii ilitengenezwa kwa ajili ya kuondoa theluji kwenye uwanja wa nyumba ya mtu huko Kanada. Ilipofungwa kwenye pampu yangu mara ya kwanza ilikuwa ikila lita mbili na ushee za petroli kwa saa. Sasa hivi, baada ya marekebisho nitakayoyaeleza, inakula lita moja na robo hivi. Petroli hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, imepita shilingi 5,000 kwa lita, kwa hiyo tofauti hiyo si ya kudharau kwa mtu anayemwagilia nyanya na vitunguu kiangazi chote.

Imefikaje huku? Binamu yangu anaishi Ontario. Alinunua mashine ya theluji ya umeme, ile ya petroli ikabaki kwenye banda, na watu wa kwetu walipochanga kontena la kuleta vyombo nyumbani nikamwomba aitupie humo. Sikuilipia injini yenyewe, ila nafasi kwenye kontena na usafiri wa kutoka Kampala. Theluji ya kuondoa sina. Yetu iko juu ya Rwenzori, asubuhi isiyo na mawingu tunaiona tukiwa shambani, na inazidi kupungua yenyewe bila mashine ya mtu.

Nilichokitaka ni injini tu. Mashine hizi kwa mbele zina parafujo kubwa la chuma linalokusanya theluji na kuipeleka kwenye feni, na feni inairusha pembeni kupitia bomba. Nyuma yake kuna injini ya petroli ya kawaida kabisa, ya mipigo minne, inayopozwa kwa hewa, na shafti yake imelala. Shafti iliyolala ndiyo inayotakiwa kwenye pampu, kwenye kinu, hata kwenye mashine ya kupukuchua mahindi. Ya kwangu ni ya sentimita za ujazo 208. Jambo jingine zuri ni kwamba injini za aina hii hazichoki haraka: zinafanya kazi miezi michache ya baridi, tena kwa vipindi vifupi, halafu zinalala mwaka uliobaki. Silinda ilikuwa safi.

Tulikata sehemu ya mbele, fundi mmoja hapa mjini akanikerezea puli, tukaiunganisha kwa mshipi na pampu ya inchi mbili niliyokuwa nayo tayari. Fundi alipoizunguka mara ya kwanza akacheka: "Mzee, injini hii haina pua." Alimaanisha chujio la hewa. Na kweli haina. Injini nyingi za theluji hutoka kiwandani bila chujio, na si kwa ubahili. Theluji haina vumbi, na unga wa theluji ukiingia kwenye chujio ungeganda na kuziba njia ya hewa. Huko ni busara. Hapa kwetu, ambapo barabara ya murram ikipitiwa na lori unapoteza sura ya jirani yako, kuiwasha hivyo hivyo ni kusaga ringi na silinda kwa mchanga. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza cha mafuta nilikichukua asubuhi yenye umande, kwa muda mfupi, kisha hatukuiwasha tena mpaka ikapata pua.

Sasa kuhusu ulaji wenyewe. Watu wa nchi za baridi wakizungumzia mafuta ya mashine zao hupima kwa uwanja: tangi moja dogo, la lita mbili au tatu, linatosha kusafisha njia ya gari na bado likabaki. Ukiyasikia hayo utadhani injini haili kitu. Lakini angalia kazi ilivyo. Mtu anasukuma mashine, inameza theluji nzito kwa dakika moja, anageuka, inazunguka bila mzigo, anasimama kugeuza bomba, anamaliza kwa nusu saa au zaidi kidogo. Pampu haina mapumziko. Tangu maji yanapoanza kupanda mpaka tangi lijae, mzigo ni ule ule. Kipimo cha huko hakiwezi kukusaidia huku hata kidogo.

Kipimo kinachofaa ni hiki: Honda wanaandika kwamba injini yao ya GX200, ya sentimita za ujazo 196, hula lita 1.7 kwa saa kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika ikiwa na mzigo wake wote. Injini yangu ni kubwa kidogo tu kuliko hiyo. Ilipozidi lita mbili, na wakati huo huo plagi ikitoka nyeusi kama imepakwa masizi, nilijua kuna petroli inayopita bila kuchomwa vizuri.

Sababu ni hewa. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, haijui uzito wa hewa inayopita ndani yake. Inafyonza petroli kwa kufuata mwendo wa hewa hiyo. Jeti ya injini ya theluji, yaani kitundu kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, hutobolewa kwa kufikiria hewa ya baridi kali, ambayo ni nzito na inahitaji petroli nyingi zaidi. Chukua hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri karibu na usawa wa bahari, uilinganishe na hewa ya Kasese mchana, nyuzi 30, na mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 900. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu robo. Petroli inayofyonzwa haipungui kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo mchanganyiko unazidiwa na mafuta. Moshi mweusi, harufu kali, plagi yenye masizi, na nguvu pungufu juu yake. Nguvu ingepungua hata bila hayo, maana injini za aina hii hupoteza karibu asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda, hilo halina dawa. Lakini petroli inayopotea ina dawa.

Kuna kitu kingine ambacho hata fundi hakukitarajia. Kabureta imefunikwa kwa kisanduku cha bati kinacholeta hewa ya moto kutoka upande wa eksozi, ili isigande wakati wa baridi. Hapa ni sawa na kumvisha mtu koti la sufu saa nane mchana. Injini inavuta hewa iliyochemshwa, nyepesi zaidi hata ya hii tuliyonayo, na bakuli la kabureta linapata joto mpaka petroli inakaribia kuchemka. Ukiizima ikiwa moto, kuiwasha tena ni kuvuta kamba mpaka bega liume. Kisanduku kikatoka.

Badala yake tukafunga chujio la injini za Kichina za 168F, zile zinazouzwa kila duka la spea, kwa kutengeneza shingo ndogo ya bati. Hapo pana mtego: chujio huzuia hewa kidogo, kwa hiyo ukilifunga bila kugusa jeti mchanganyiko unazidi kuwa mzito. Kabureta yangu inafanana sana na ile ya 168F, na jeti ya huko iliingia bila shida. Tundu lake ni dogo kuliko la ile ya theluji. Injini za zamani za aina hii zina skrubu chini ya bakuli ambayo unaikaza na kulegeza mpaka iimbe vizuri. Za miaka ya karibuni jeti haina marekebisho, kwa sababu ya sheria za moshi za huko, kwa hiyo ni kubadilisha tu. Nawasihi msizibe jeti kubwa kwa waya wala kuiziba kwa risasi kisha kuitoboa upya kwa sindano, nimeona mafundi wakifanya hivyo. Mchanganyiko ukiwa mwepesi kupita kiasi injini inayopozwa kwa hewa huchemka, na vali ya eksozi huungua. Plagi ikitoka rangi ya kahawia isiyokolea, hapo acha. Mimi niliiacha ikielemea kidogo upande wa mafuta mengi, kwa makusudi.

Nilipima kwa tangi la maji, si kwa saa, na ningependa wenye pampu wote wafanye hivyo. Saa inadanganya: injini inaweza kula kidogo kwa saa lakini ikachukua saa nyingi. Maji yangu yanatoka mto Sebwe, yanapanda kama mita 12 mpaka tangi la lita 5,000. Najaza petroli mpaka shingoni, najaza tangi la maji, kisha narudishia petroli kwa chupa yenye alama. Mwanzoni tangi moja lilikula karibu lita 0.8. Baada ya kuondoa kisanduku, kuweka chujio na kubadilisha jeti, likashuka hadi lita 0.65 hivi, na maji yakijaa kwa muda ule ule. Moshi ukaisha.

Punguzo kubwa zaidi kwa kazi ndogo zaidi lilitokana na gavana, kile kifaa kinachodhibiti kasi ya injini. Injini ya theluji hupangwa izunguke karibu mizunguko 3,600, kwa sababu feni inahitaji kasi ili irushe theluji mbali. Pampu haihitaji kurusha chochote. Fundi alileta kile kipima mizunguko kidogo chenye waya unaouzungusha kwenye waya wa plagi, tukashusha mpaka 3,100 hivi. Tabia ya pampu hizi ni kwamba ukipunguza mwendo kwa moja ya kumi, nguvu inayotakiwa hushuka kwa zaidi ya robo. Maji nayo hupungua, na kwangu hupungua zaidi kwa sababu kuna mwinuko wa kushinda, kwa hiyo tangi lililokuwa likijaa kwa dakika 22 sasa linachukua dakika 27 hivi. Ila petroli imeshuka hadi lita 0.55 kwa tangi. Dakika tano za ziada nazitumia kung'oa magugu. Mkishusha sana, mtafika mahali maji hayapandi kabisa na injini inazunguka bure, kwa hiyo msishushe kwa kukisia. Simameni kwenye mdomo wa bomba mkiangalia.

Jirani yangu ana pampu ya Kichina ya inchi mbili, injini ya 168F imefungwa moja kwa moja bila mshipi. Tulimwazima tangi langu na kupima kwa njia ile ile: nusu lita, pengine chini yake kidogo. Kwa hiyo baada ya hangaiko lote injini ya Ontario bado inashindwa na ya dukani kwa kiasi cha funda moja la soda. Mshipi unakula sehemu ya nguvu, na injini yenyewe ni kubwa kuliko mzigo wake.

Mambo madogo madogo. Ina kiwasho cha umeme, cha kuchomeka ukutani, lakini ni cha volti 120, nasi tuna 240. Kimekatwa, tunavuta kamba. Oili iliyokuja nayo ni nyepesi, ya baridi, ambayo huku inapungua upesi. Nimeweka nzito zaidi, SAE 30, na kiwango kwenye kijiti cha kupimia oili hakishuki tena kama mwanzo. Tangi la petroli ni dogo, kwa hiyo ukimwagilia kwa muda mrefu utalazimika kuongeza katikati, na hapo tafadhali zima, subiri ipoe. Eksozi iko karibu sana na shingo ya tangi. Huko baridi inawasaidia, huku hakuna wa kutusaidia. Kelele ni za kawaida. Choki yake ni kali mno, siigusi kabisa isipokuwa asubuhi, tena kwa mvuto mmoja.

Je, ningependekeza? Kama una ndugu anayekuletea bure, na una fundi anayejua kukereza chuma na kushughulikia kabureta, ipokee. Ni injini nzito, imara, na nguvu zake zinafaa zaidi kinu kidogo kuliko pampu. Wengine mngefaidi zaidi huko, kwa sababu kinu ndicho kinachoweza kutumia nguvu zake zote. Kama muuzaji yeyote anakutajia bei inayokaribia pampu mpya ya Kichina, achana naye. Jirani alitoa laki tano na ushee, akaanza kumwagilia jioni ile ile.

Mtakaouliza spea: ringi na gasketi za injini hii sijazikuta Kasese, na Kampala niliambiwa waagize. Jeti, chujio, plagi, kamba na bakuli la kabureta za 168F zimeingia zote. Lile parafujo la mbele na bomba la kurushia viko nyuma ya banda. Anayetaka chuma aje na boda yenye kamba nzuri.