Muvi za akili kuvurugika: orijino au iliyotafsiriwa?

Duka hili la kuweka muvi kwenye flashi liko Kirumba, upande wa barabara inayoshuka Mwaloni. Limepangwa vizuri kuliko mengi ya Mwanza: mapigano kivyake, Kikorea kivyake, na folda moja imeandikwa SAIKOLOJIA tu. Humo mna vitu vizito: Psycho ya 1960, The Shining ya 1980, Memento ya 2000, The Machinist ya 2004, halafu Black Swan na Shutter Island, zote mbili za 2010. Muvi moja shilingi 500. Kwa uchaguzi duka linastahili sifa zote. Kasoro ni nakala unayowekewa usipotaja unachotaka: iliyotafsiriwa, ile ambayo DJ anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili.

Kutafsiri kwenyewe si dhambi. Muvi ya ngumi ikipata DJ mwenye maneno inanoga hata zaidi. Lakini muvi ya mtu anayevurugikiwa akili inafanya kazi kwa namna nyingine. Inakukalisha ndani ya kichwa chake, uone anachokiona, uamini anachokiamini, hadi uanze kuyashuku macho yako mwenyewe. DJ anakutoa humo kwa nguvu. Dakika ya kumi tu ameshasema, "Jamaa ni wa Mirembe huyu," yaani wa hospitali ya wagonjwa wa akili, na kile ulichotakiwa kukigundua polepole umeshakabidhiwa. Tena jina ni hilohilo kwa kila mtu. Yule wa Memento hawezi kutunza kumbukumbu mpya. Wa The Machinist hajalala mwaka mzima. Binti wa Black Swan anaona visivyokuwepo. Hizo ni shida tatu tofauti na hofu tatu tofauti, lakini kwa DJ wote vichaa.

Na kuna sauti. Muziki wa Psycho, kazi ya Bernard Herrmann, umepigwa kwa ala za nyuzi peke yake, hakuna ngoma wala tarumbeta. Lile tukio la mauaji bafuni linakuchoma kwa sababu ya hizo fidla zinazopiga kelele kama kiumbe hai. Kwenye nakala iliyotafsiriwa, DJ akifungua mdomo sauti ya asili inashushwa, na fidla zinaishia kuwa mbu wa mbali. Hapo hujaiona Psycho.

Kwa hiyo sema mapema: "Nataka orijino, yenye maandishi chini." Maandishi mengi yatakuwa ya Kiingereza. Kama Kiingereza kinakusumbua, anza na Black Swan, maana mengi yanasemwa na vioo na mwili wa yule binti anayecheza baleti, na uiache Shutter Island mwishoni kwa sababu inategemea mno maongezi. Maandishi nayo yana gharama yake, yanavuta macho chini. Katika Shutter Island kuna mgonjwa mwanamke anayehojiwa akaomba maji. Hapo achana na maandishi, tazama mkono wake anapokunywa.

Kabla ya kulipa, mwambie kijana afungue faili uone muda. The Shining iko ya aina mbili: ya dakika 144 iliyoonyeshwa Marekani na ya dakika 119 iliyopelekwa Ulaya. Chukua ndefu. Fupi imeondolewa sehemu ya daktari anayekuja kumpima mtoto, ambamo mama anaeleza jinsi baba, akiwa amelewa, alivyowahi kumuumiza mtoto bega. Bila sehemu hiyo, utadhani hoteli wanayokwenda kuishi ndiyo iliyomharibu yule baba, kumbe ufa ulikuwepo kabla hawajafika. Memento nayo ipime kwa mwanzo wake: lazima ianze na picha ya Polaroid, ile inayotoka kwenye kamera papo hapo, ikififia badala ya kukolea. Matukio ya rangi yanarudi nyuma, ya nyeusi na nyeupe yanakwenda mbele, yanakutana mwishoni. Ipo nakala iliyopangwa upya moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho; hiyo irudishe, kwani inakunyima hali ya mtu asiyejua kilichotokea dakika tano zilizopita.

Black Swan usiikubali ya MB 700. Ilipigwa kwa sehemu kubwa na filamu ya milimita 16, picha yake ina chembechembe kwa makusudi. Faili ikibanwa sana, chembe hizo zinageuka viboksi vinavyotambaa usoni mwa binti, hasa kwenye giza. Omba ya GB 1.5 hadi 2. Ila faili moja isifike GB 4, kwa kuwa flashi iliyopangwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, haitaipokea.

Uliza pia imebanwa kwa mfumo gani. Tivii nyingi za zamani hazisomi H.265, utapata sauti bila picha, omba H.264. Picha ikiwepo na sauti hakuna, mara nyingi sauti ni ya DTS, mfumo wa sauti ambao tivii nyingi hazisomi, badilisha nakala. Faili ya maandishi, ile yenye mwisho wa srt, iwe folda moja na muvi na jina liwe lilelile herufi kwa herufi. Ijaribu mwanzoni na karibu na mwisho. Kama maandishi yametengenezwa kwa picha 25 kwa sekunde na muvi inakwenda 23.976, mwanzoni yanaonekana sawa, lakini saa moja ikipita yameachana kwa karibu dakika mbili na nusu.

Duka halikukumbushi lolote kati ya haya, na hapo ndipo linapopoteza alama. Vijana wanajua, ukiuliza wanajibu vizuri na kubadilisha bila kinyongo. Wangeandika tu "orijino, dakika 144" kwenye jina la faili.

Nyumbani punguza besi ya sabufa, maana inameza minong'ono, na minong'ono ndiyo muvi yenyewe. Mvua ikianza kupiga bati, simamisha usubiri. Umeme ukikatika, andika dakika uliyofikia: tivii nyingi hazikumbuki faili ya flashi ilipoishia, na Memento ukiirudia mahali pasipo, hutajua kama umeshapaona au bado.