Supu vuguvugu Bellaire: sirudi tena. Labda.

Kamgahawa haka ka Bellaire Boulevard, hapa Houston, nakajua. Mwaka wa tatu sasa, nikitoka shifti ya usiku napitia pho, ile supu ya Kivietnamu ya tambi na nyama. Wavietnamu nao huinywa asubuhi, kama sisi Dar na supu yetu na chapati, ndiyo maana ilinikaa tangu siku ya kwanza: mifupa, mdalasini, karafuu, ndimu unakamua mwenyewe. Nafumba macho, niko kwenye benchi Kariakoo. Kwa hiyo jueni aliyekasirika hapa ni mteja, si mpita njia.

Juzijuzi nikaagiza ile ya tái. Nyama inakuja mbichi, imekatwa nyembamba kama karatasi, inalazwa juu ya tambi za mchele halafu inamiminiwa supu inayotokota. Supu ndiyo jiko lenyewe. Bakuli likaja, mvuke hamna. Nikaligusa kwa kiganja, nikakiacha hapohapo, wala sikuungua. Yale matone ya mafuta yanayong'aa juu ya supu yameanza kuganda ukingoni, utando mweupe, na nyama nyekundu vilevile kama iko buchani.

Nikamwita kijana anayehudumia, kwa upole kabisa. Samahani mdogo wangu, supu imepoa. Macho hayakutoka kwenye simu. "Hii ni tái, huwa haiivi." Ananifundisha mimi! Nikamwambia najua, ila supu ndiyo inayotakiwa kuiivisha. Akabeba bakuli bila neno. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, nikamwona kwa macho yangu akilitia kwenye maikrowevu. Na mrehani wangu humo ndani! Na chipukizi za choroko! Likarudi mrehani umekuwa mweusi kama majani ya chai yaliyochujwa, tambi zimevimba, nyama ya kijivu unaitafuna kama mkanda. Na sufuria la supu linachemka hatua mbili tu kutoka pale aliposimama. Dar ukisema "niongezee supu" unamiminiwa, na hakuna anayekununia.

Nikalipa, bakshishi sikuacha hata senti. Sawa, niliacha dola moja, niliona haya.

Tangu siku hiyo nimekwenda kwa jirani yao mara mbili. Supu ya moto, vijana wana adabu, lakini sukari tupu, mfupa huusikii popote. Nilitoka nimeshiba na hasira zimerudi upya, maana sasa huyu kijana amenikosesha na supu.

Nyota moja. Hapana, mbili. Basi tatu, kwa ajili ya huyo anayekesha na mifupa jikoni, yeye kosa lake nini? Jumamosi nitapita, ila kwanza nachungulia dirishani. Nikimwona yule kijana naagiza ya kubeba: supu wanaifunga mbali na nyama, nikifika nyumbani naitokosa mwenyewe.