Kifaa cha umeme cha sikioni cha kuacha pombe: yaliyonikuta Mtwara

Naandika kwa ajili ya yule ambaye asubuhi hashiki kikombe mpaka azimue, na sasa anataka kuagiza kifaa hiki ajitibu nyumbani. Ndugu yangu, subiri kwanza unisome.

Mimi ni mbeba magunia kwenye ghala la korosho, naishi Magomeni, Mtwara mjini. Nilianza na uraka, ile pombe ya mabibo, matunda ya mkorosho, msimu ukifika tu. Baadaye uraka ukawa haunikolei, nikahamia gongo, mwaka mzima. Miaka tisa hiyo. Mdogo wangu aliyeko Dar akaona tangazo la kifaa cha kuondoa arosto ya pombe, yaani yale mateso ya mwili ukiikosa, kwa siku tano, nikamtumia hela, kikaja na basi.

Ni kiboksi kidogo kuliko simu ya kitochi, kina waya na kibanio cha sikio. Unapandisha umeme polepole hadi usikie kama vijisindano, unaachia hapo. Unaochokozwa ni mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni. Tawi lake moja linafika sikioni.

Nilikunywa mara ya mwisho Ijumaa saa nne usiku. Jumamosi asubuhi jasho linanitoka, mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio. Nikakivaa. Nitasema haki: moyo ulitulia kidogo, nikapata usingizi wa kama saa moja. Nikamwambia mke wangu, "Mama Zuhura, dawa tumeipata."

Jumapili alfajiri nilianguka nikakakamaa, povu mdomoni, kibanio kikiwa bado sikioni. Majirani wakasema ni majini, aitwe fundi. Mke wangu akakataa, akaita bajaji. Yule mwanamke ndiye aliyeniokoa.

Hospitali nilipewa diazepam, dawa ya kutuliza ubongo na kuzuia kifafa, nikachomwa vitamini B1 kabla ya kuwekewa dripu ya glukosi. Daktari akanieleza kwa upole kabisa. Pombe hukandamiza ubongo, na ubongo wa mnywaji wa kila siku hujizoesha kusukuma kwa nguvu ili ushindane nayo. Ukiiondoa ghafla, ile nguvu inabaki haina wa kuizuia. Kifafa huja zaidi ndani ya saa 48 za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne mtu anaweza kuweweseka, kuona visivyokuwepo, na asipotibiwa anaweza kufa.

Nikamwonyesha boksi: "Kimekubaliwa Marekani." Akaniambia kweli mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya kule, FDA, iliruhusu kifaa cha kuvaa nyuma ya sikio, lakini kwa arosto ya heroini na dawa za jamii yake. Pombe haimo. Tena kifaa hicho sicho hiki changu. Hapo ndipo roho iliniuma, maana arosto ya pombe ndiyo yenye kifafa, na muuzaji ameifunika kwa jina la nyingine.

Sasa nakivaa usiku mmoja mmoja, daktari anajua. Kinanituliza kiasi. Mwenye betri ya moyo asikiguse. Kwa kutuliza nakipa nyota mbili. Kwa kuacha pombe, sikipi hata moja.

Muuzaji nimempigia mara tatu, nikimwomba aandike kwenye tangazo lake kwamba anayekunywa kila siku aanzie hospitali. Bado hajaandika. Na mabibo yameshaanza kuiva.