Miezi 14 nafanya deiwaka (vibarua vya siku moja moja) kwenye mahoteli na kumbi za Mbeya, uzoefu wangu

Naandika hii kwa mtu aliyeko Mbeya au anayekuja Mbeya anatafuta kazi za hotelini, mgahawani au kwenye kumbi za sherehe, ila hawezi kuajiriwa moja kwa moja kwa sababu zake. Mimi naishi Uyole, nilisoma mambo ya upishi na uhudumu VETA, na nina miezi 14 saivi naingia shifti kupitia grupu la Wasapu linaloendeshwa na dada mmoja aliyewahi kuwa supavaiza hotelini. Jina la grupu silitaji maana nina mazuri na mabaya ya kusema, na mengine yanawahusu watu waliotuita kazini, siyo yeye.

Kwanini sikutafuta ajira ya kudumu? Mama yuko Tukuyu, ana migomba na miti ya parachichi, na parachichi likikomaa haliwezi kusubiri meneja anipe ruhusa. Msimu wa kuchuma nikiitwa lazima niende, wiki nzima au zaidi. Kabla ya hapo niliajiriwa mgahawa mmoja kwa miezi minne, nikaomba siku nne nikamsaidie mama, niliporudi nikakuta kuna mtu mwingine kwenye nafasi yangu. Ndo nikaanza deiwaka.

Grupu lenyewe linaenda hivi. Dada anaweka tangazo, mfano "wahudumu 6, Jmosi, kufika saa 8 mchana, shati jeupe suruali nyeusi viatu vya kufunika, 15,000". Wa kwanza kujibu ndo wanaenda, ukichelewa dakika tano unakuta nafasi zimejaa. Yeye anakata buku (1,000) kwa kila shifti uliyoingia, anaikata baada ya wewe kulipwa, hela ya kujiandikisha hakuna. Hapo nampa maua yake kabisa. Kuna mtu mwingine hapa mjini alitaka 20,000 ya fomu kwanza kabla hata hujaona kazi, rafiki yangu akatoa, mpaka leo hajaitwa hata siku moja. Mtu akikudai hela kabla hujaingia kazini achana naye.

Bei nilizokutana nazo mimi: kusaidia mgahawani mchana, kuosha vyombo na kuhudumia, ni 8,000 mpaka 10,000. Sherehe ukumbini ni 15,000. Wiki ya Nane Nane nililipwa 20,000 kwa siku, na hiyo ndo wiki ninayoisubiri mwaka mzima. Maonyesho ya wakulima pale uwanja wa John Mwakangale yanaanza tarehe 1 Agosti mpaka tarehe 8 yenyewe, mabanda ya chakula yanafunguliwa kila kona, wachoma nyama, wa supu, wa chipsi, wote wanataka watu wa ziada na hawataki kuhojiana sana. Unaingia saa 12 asubuhi kuchemsha chai, jioni miguu imevimba, ila siku nane mfululizo ni 160,000 na kwangu ni karibu, natembea kwa mguu.

Afu kuna miezi mikavu, na hili ndo watu hawaambiwi. Januari hakuna kitu, watu wameisha hela, wanalipa ada. Kwaresima ndo kabisa, huku kwetu Wamoraviani, Walutheri na Wakatoliki ni wengi, harusi hazifungwi mpaka Pasaka ipite, kwa hiyo kama unategemea kumbi peke yake unaweza kukaa wiki tatu hujapata shifti. Mimi mwaka huu niliipanga safari ya Tukuyu iangukie humo humo kwenye Kwaresima. Kuanzia Jumatatu ya Pasaka simu inaanza kuita, inapumzika kidogo, afu inarudi kwa kasi Novemba na Desemba, mahafali ya vyuo yanaingia, sendofu, harusi, ubatizo, vyote kwa pamoja. Kaka yangu mdogo yuko Iringa, yeye anasema kwao mjini shifti nzuri zinafuata watalii wanaoenda Ruaha, kiangazi cha Juni mpaka Oktoba, kwa hiyo kalenda yake na yangu hazifanani hata kidogo. Ukihama mkoa usidhani utakuta msimu ule ule.

Sasa kazi yenyewe. Mtu akisikia mhudumu anafikiria kubeba sahani tu. Shifti yangu ya kwanza ukumbini niliwekwa kunawisha wageni, nikaona kama nimepewa kazi ya mtoto. Jagi mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, taulo begani, sabuni ya maji umeibana na kidole kimoja, unainama mbele ya mzee amevaa suti mikono mirefu, maji yawe ya uvuguvugu, uyamimine taratibu yasiruke kwenye shati lake, beseni lenyewe kila mtu mmoja linaongezeka uzito na huwezi kulitua mpaka meza iishe. Unaanza meza kuu, afu wazazi wa pande zote mbili, afu ndo wengine. Nilivyomaliza kumnawisha babu mmoja wa upande wa bibi harusi akaniangalia akasema "ndaga mwanangu", yaani asante kwa Kinyakyusa, aisee nilijisikia vizuri kuliko hela niliyolipwa siku ile. Mama mpishi mmoja ndo alinifundisha kulishika beseni chini kwa kiganja badala ya kushika ukingo, tangu siku hiyo mkono hauniumi. Kwenye mgahawa nilioajiriwa miezi minne hakuna aliyenifundisha chochote, deiwaka nimejifunza kwa watu kumi tofauti.

Upande wa jikoni nilioga mvuke wa wali wa Kyela, nikajua kupanga bufee ili foleni isigande kwenye nyama, nikajua vile vijiko vikubwa vinafichwa wapi visipotee, maana vikipotea wanaangaliwa wa shifti kwanza.

Na hapo ndo kwenye mabaya. Mwaka jana Julai niliitwa kwenye ukumbi mmoja, sherehe kubwa. Tangazo lilisema 15,000, halikusema tunamaliza saa ngapi na halikusema tunarudije. Sherehe iliisha saa 7 usiku, tukaambiwa tuoshe glasi kwanza. Bomba liko nje nyuma ya ukumbi, na nyinyi mnaijua baridi ya Mbeya ya Julai, maji yanauma kama sindano, vidole vikafa ganzi sijui nimeshika glasi au sijashika, mbili zikaniponyoka zikavunjika. Tulipomaliza saa 8 na nusu yule msimamizi akanikata 3,000 kwa kila glasi, nikapewa 9,000. Daladala hakuna, boda anataka 6,000 mpaka Uyole na mimi ni msichana peke yangu usiku ule. Tukalala wanne kwenye viti vya ukumbi, tumejifunika vitambaa vya meza, mlinzi alituonea huruma akatuwashia jiko la mkaa pembeni ya mlango na kutuambia tusilisogeze ndani. Asubuhi nauli, na buku la grupu, nikafika nyumbani na 7,400. Niliumia sana, siyo hela tu, ile kuonekana kwamba ukishamaliza kuhudumia wewe siyo mtu tena.

Nilimsimulia kaka mmoja mpishi tunayekutana naye kwenye shifti, yeye zamani aliajiriwa hotelini na alikuwa mwanachama wa CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa mahoteli na majumbani. Akanifungulia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kwenye simu yake, kifungu cha 28. Iko hivi: mwajiri hakukati hela ya kitu kilichovunjika kienyeji tu, lazima iwe ni kosa lako kweli, akupe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi alivyokipiga hesabu, akupe nafasi ya kubisha, na makato yasizidi robo ya ujira wako. Robo ya 15,000 ni 3,750. Mimi nilikatwa 6,000 kwa mdomo, saa 8 usiku, nimesimama. Akanionyesha na mengine, kwamba saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo unastahili mapumziko ya saa nzima, na kazi ya kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 juu ya mshahara. Ukidhulumiwa sehemu ya kwenda ni CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa 6,000 sikwenda, nitasema ukweli, siku moja ya kufuatilia ingenigharimu shifti nyingine. Ila nilimpelekea dada wa grupu kila kitu kwa sauti, dakika sita nzima, na wenzangu watatu wakaongezea ya kwao.

Na hapa ndo sababu bado niko kwenye grupu lake. Hakunijibu vibaya wala hakunitoa. Alinyamaza siku mbili, afu akabadilisha tangazo. Saivi hawezi kuweka kazi bila kuandika saa ya kumaliza, msosi upo au haupo, usafiri wa kurudi ukipita saa 4 usiku ni wa nani, na hela inalipwa lini, usiku huo huo au kesho. Kazi ya sherehe isiyo na gari la kurudisha watu haiweki kabisa. Ule ukumbi hajawahi kuupelekea watu tena. Kuna waliolalamika kwamba kazi zimepungua, na kweli zimepungua kidogo, ila mimi tangu hapo sijalala kwenye kiti hata siku moja.

Malalamiko yangu yaliyobaki ni mawili. Ile ya wa kwanza kujibu ndo anaenda inawaumiza wenye simu ndogo na wasio na bando muda wote, kuna mama mmoja mchapakazi sana ana watoto watatu, anakosa kila siku kwa sababu anafungua data jioni. Nimemuomba dada aweke hata nafasi mbili za zamu kwa waliokosa wiki nzima, amesema atalifikiria. La pili, mkivunjiwa kazi dakika za mwisho hakuna fidia. Niliwahi kufika Soweto ya hapa hapa Mbeya nimeshapiga pasi shati na nimelipa nauli, naambiwa wageni wamepungua rudi tu.

Kama unaanza, nunua viatu vyeusi vya soli isiyoteleza hata vya mtumba Mwanjelwa, mimi vyangu vilinigharimu 12,000 na bado viko. Kapime afya kabisa, choo na damu, utunze ile karatasi, maana bwana afya akipita jikoni anaiuliza na mwenye mgahawa ataanza kuwatoa wasiokuwa nayo, hajali uliingia leo au jana. Beba sweta hata kama unaondoka nyumbani jua linawaka. Na kila kitu mlichokubaliana kiwe kwenye meseji, hata kama bosi ni mtu mnayesali naye. "Njoo tu tutaongea" mimi siku hizi siiendi.

Kwa mtu mwenye familia ya kulisha peke yake sishauri hii iwe tegemeo lote, mwezi mzuri nimewahi kufikisha 240,000 na Kwaresima iliyopita niliambulia 35,000. Kwa mtu kama mimi mwenye shamba la mama, au mwanachuo mwenye vipindi vya kurukaruka, inafaa sana, tena sana.

Jumamosi hii kuna sendofu huko Forest. Wahudumu 8, kufika saa 9, mwisho saa 5 usiku, msosi upo, gari mpaka Uyole, 15,000 usiku huo huo. Nimeshajibu nakuja, na yule mama wa watoto watatu nimempigia simu akajibu kabla nafasi hazijajaa, ni wa saba kwenye orodha.