Lenzi ndefu ya bei nafuu: uliza kwanza inashika fokasi kuanzia umbali gani

Malalamiko ya wasomaji kuhusu lenzi ndefu za bei nafuu yanafanana sana. "Lenzi yangu mpya ni mbovu. Nikipiga mlima, picha safi. Nikimpiga mtoto aliyekaa mbele yangu, inatafutatafuta, inakwenda mbele, inarudi nyuma, haishiki." Mwenye lenzi anairudisha dukani, anapewa nyingine ya aina ileile, na tatizo liko palepale. Lenzi ni nzima. Yeye amesimama karibu mno kwa uwezo wa lenzi ile, na aliyemuuzia hakumwambia kwamba kuna mpaka.

Kwa hiyo humu hamna habari za megapikseli wala za ukali wa picha pembeni. Hayo yameshasemwa kila mahali. Nitakaa kwenye kipimo kimoja ambacho wanunuzi wanakiruka: umbali wa karibu kabisa ambao lenzi bado inashika fokasi.

Watu wananunua lenzi ndefu wakiwaza vilivyo mbali: ndege mtini, mashua baharini, paa zilizopangana mlimani. Hizo picha utazipiga. Lakini ukizunguka na lenzi hiyo katika mji wako, au ugenini, muda si mrefu utaanza kuona vilivyo karibu. Bawaba ya mlango wa zamani, yenye kutu, na kichwa cha parafujo kilichokwaruzwa na bisibisi za mafundi wengi. Mikono ya mshonaji inayosukuma kitambaa chini ya sindano. Lenzi ndefu inakitenga kitu kama hicho na vurugu iliyokizunguka, na mandhari ya nyuma yanalainika hata kama tundu la lenzi, linalopitisha mwanga, halifunguki zaidi ya f/5.6. Hapa ndipo lenzi ya bei ndogo inapotoa picha ambazo simu haikupi kirahisi.

Sasa fikiria uko kwenye uchochoro, mgongo umegusa ukuta, na lenzi inakutaka urudi nyuma nusu mita zaidi. Utarudi wapi? Mezani ni hivyohivyo, na kwenye basi pia. Mita moja na nusu, ambako baadhi ya lenzi hizi zinaanzia, ni umbali mkubwa kuliko unavyosikika, na huwezi kuukunja.

Kipimo hiki hakianzii kwenye kioo cha mbele cha lenzi. Kinaanzia kwenye sensa, kile kibao kinachopokea picha ndani ya kamera. Kamera nyingi zina alama ndogo juu ya mwili wake, duara lililokatwa na mstari, inayoonyesha mahali sensa ilipo. Kwa hiyo lenzi inayoandikwa mita 0.85, ukishatoa urefu wa lenzi yenyewe na sehemu ya kamera, inakusogeza hadi sentimita sabini hivi kutoka kwenye kitu. Namba hiyo mara nyingi imeandikwa kwenye lenzi yenyewe, kwa herufi ndogo.

Nafasi ya kwanza naipa Canon EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM, na sifichi kwamba naipendelea. (Namba kama 55-250mm ni kiasi lenzi inavyovuta: ikiongezeka, vya mbali vinakuja karibu zaidi.) Ilitoka 2013, ina gramu 375, na inashika fokasi kuanzia mita 0.85. Ukuzaji wake unafika mara 0.29, maana yake kwenye sensa ndogo ya Canon kitu chenye upana wa sentimita nane hivi kinajaza fremu nzima. Kipepeo aliyetua kwenye ua unampata kwa ukubwa wa kutosha kuona mishipa ya mbawa zake, naye hajashtuka. Mota ya STM haina kelele, kioo cha mbele hakizunguki wakati wa kufokasi, kwa hiyo filta ya polaraiza, ile ya kupunguza mng'ao, inabaki ulivyoiweka, na IS inatuliza mtikisiko wa mkono vizuri sana. Sehemu ya kufungia kwenye kamera ni ya plastiki, na wengi wanaitaja kwa dharau. Mimi plastiki hiyo ndiyo inayonifanya niitie begini kila siku, kwa sababu lenzi nzito hubaki nyumbani. Kasoro ninayoitambua ni nyingine: pete ya fokasi inategemea umeme, kamera ikilala unaizungusha bure. Na haikutengenezwa kwa kamera za Canon zenye sensa kubwa. Kwenye kamera za RF, zile za Canon zisizo na kioo cha ndani, inakubali kupitia adapta, ila kama sensa ni kubwa, kamera itakata picha pembeni.

Tahadhari, kwa sababu kuna ndugu zake wakubwa wawili wenye namba zilezile: 55-250 IS na 55-250 IS II. Hao wanaanzia mita 1.1, mota yao ni ya zamani, na kioo cha mbele kinazunguka. Si lenzi mbaya. Ubaya ni kwamba wauzaji wa vilivyotumika wanaandika "Canon 55-250" basi, wanaweka picha ya kifuniko, na wanataka bei ya STM. Herufi hizo tatu lazima uzione kwa macho yako kwenye lenzi yenyewe.

Wenye Olympus na Panasonic wana bahati ambayo wengi wao hawaijui. Olympus M.Zuiko 40-150mm f/4-5.6 R ina gramu 190, Panasonic 45-150mm f/4-5.6 ina gramu 200, na zote mbili zinaanzia mita 0.9. Kwa uzito huo unapata mwono unaolingana na milimita 300 kwenye sensa kubwa. Ya Olympus haina kidhibiti mtikisiko ndani yake, inategemea kile cha kwenye kamera. Kama kamera yako ya Panasonic haina kidhibiti hicho, chukua lenzi ya Panasonic. Kwa msafiri anayehesabu kila gramu ningeziweka sawa na Canon yangu, na nimeziweka ya pili kwa sababu tu Canon inakuza kitu kidogo vizuri zaidi.

Ya tatu, Nikon AF-P DX 70-300mm f/4.5-6.3G ED VR. Inaanzia mita 1.1. Fokasi yake ni ya haraka mno, picha zake kali, na gramu 415 kwa milimita 300 ni uzito wa kushangaza. Ila ina mitego miwili. Wa kwanza: yuko pacha wake asiye na VR, yaani kidhibiti mtikisiko cha Nikon, jina ni lilelile ukiondoa herufi hizo, na tangazo la kuuza linaweza kuziacha. Hakuna swichi ya VR kwenye lenzi yoyote kati ya hizo, kwa hiyo huwezi kuzitofautisha kwa kutafuta swichi. Wa pili: kwenye kamera za zamani kama D3200, D5100, D7000 na D90 haifokasi kabisa, hata ukizungusha pete kwa mkono. Mwenye kamera ya Nikon Z atazame DX 50-250mm VR, inayoshika kuanzia nusu mita ikiwa kwenye 50 na mita moja ikivutwa hadi 250.

Sony E 55-210mm OSS, mita moja, na Fujifilm XC 50-230mm OIS, mita 1.1, ni lenzi za heshima. Ukiwa na kamera hizo nunua bila wasiwasi.

Mkiani ipo Canon EF 75-300mm f/4-5.6 III. Iko sokoni tangu 1999, inaanzia mita 1.5, haina kidhibiti mtikisiko, na kwenye 300 kingo za vitu zinatoka na rangi ya zambarau. Mwaka 2025 Canon wakaitoa tena kwa kamera za RF, vioo vilevile, mita 1.5 ileile. Naipenda Canon, na jambo hili limeniudhi. Tamron 70-300mm Di LD Macro nayo haina kidhibiti mtikisiko, ingawa ina swichi inayoiruhusu kushika kuanzia mita 0.95 ikiwa kati ya 180 na 300. Kama bajeti inaishia hapo, chukua Tamron.

Kinachonikera ni namna 75-300 inavyouzwa. Inafungwa pamoja na kamera ya mwanafunzi, juu yake kipande cha kioo cha "2x" cha kuskurubu mbele, filta hafifu na kitambaa, na mteja anaambiwa amepewa zawadi. Akiuliza kwa nini asichukue 55-250, anajibiwa kwamba 300 ni kubwa kuliko 250. Tofauti hiyo kwenye picha ni ndogo, unaifidia kwa kukata kidogo. Nusu mita na zaidi inayokosekana upande wa karibu huwezi kuifidia kwenye kompyuta. Ukurasa wa bidhaa unataja idadi ya vioo, rangi ya begi, hata uzito wa boksi, lakini umbali wa fokasi haupo. Kuandika "1.5m" kungechukua nafasi gani?

Kama tayari umeshanunua ya mita 1.5, usiitupe. Pete za kurefusha, zile tupu zisizo na kioo zinazokaa kati ya kamera na lenzi, zinakusogeza karibu. Chagua zenye pini za umeme. Au tafuta iliyotumika ya Canon 500D, kioo cha nyongeza cha kufunga mbele, kilichotengenezwa pia kwa kipenyo cha milimita 58 kinachoingia kwenye 75-300 na 55-250. Ukiwa navyo huwezi kupiga vya mbali mpaka uvivue.

Unaponunua iliyotumika, omba uifunge kwenye kamera kabla ya kulipa. Ivute hadi mwisho, lenga maandishi yoyote madogo, kisha sogea polepole huku umebonyeza nusu kitufe cha kupigia, mpaka ikatae. Pima hapo hadi kwenye alama ya sensa na ulinganishe na namba ya mtengenezaji. Ikikataa mapema zaidi, mota au pete ya fokasi ina tatizo. Muuzaji akikukatalia jaribio hili, ondoka. Na bei ikishakubaliwa, ulizia hudi, kile kikinga mwanga cha mbele ya lenzi: ya 55-250 STM ni ET-63, Canon hawaiweki kwenye boksi, na mwenye lenzi aliyeinunua mara nyingi anaisahau nyumbani kwake.