Kutoka dramu kwenda diski: breki ipi ununulie gari dogo la zamani

Kabla hujatoa hela, vua gurudumu la mbele, shika rula, upime nafasi iliyo ndani ya rimu. Kipimo hicho ndicho kitakachoamua breki utakayonunua. Chukua Mini. Ilipotoka mwaka 1959 ilikuwa na dramu (ngoma ya chuma inayosimamishwa na viatu vinavyoibana kwa ndani) magurudumu yote manne na rimu za inchi 10. Mini Cooper ya 1961 ikapewa diski (sahani ya chuma inayobanwa na pedi pande zote mbili) za inchi 7 mbele, Cooper S ya 1963 ikapewa za inchi 7.5, na zote zinakaa ndani ya rimu hizo ndogo. Diski za inchi 8.4, ambazo Mini zote zilizipata mwaka 1984, zinadai rimu za inchi 12. Mwenye rimu za 10 akizinunua kwa kuwa zinapatikana kirahisi, ajue amenunua na rimu na matairi juu yake.

Faida ya diski ni ya kweli. Dramu ikipata moto hutanuka na kuvikimbia viatu vyake, pedeli ikawa inazidi kushuka kila ukikanyaga. Ukiwa katikati ya mteremko mrefu, hilo linatisha. Diski iko wazi, upepo unaipoza na maji hayatuami ndani yake. Badilisha za mbele tu, maana ndizo zinazobeba kazi kubwa. Nyuma acha dramu, na breki ya mkono ibaki ilivyo.

Chaguo la kwanza kwangu, bila kusita, ni spea za ndugu wa gari lako: modeli ya jamii ileile ambayo kiwanda chenyewe kiliifunga diski. Stabu (ekseli fupi inayobeba gurudumu), habu (kitovu cha gurudumu), kalipa (kibanio cha pedi) na masta silinda (pampu inayosukumwa na pedeli) vilipimwa kufanya kazi pamoja, na usukani haubadiliki tabia. Volkswagen Beetle 1500 iliuzwa Ulaya na diski za mbele tangu Agosti 1966. Lakini angalia mwaka wa gari lako: ekseli ya mbele ya kabla ya Agosti 1965 ni ya muundo mwingine, na stabu za baadaye haziingii. Hesabu pia matundu ya bolti za rimu, matano au manne. Ukinunua vilivyotumika, tafuta unene wa chini uliopigwa muhuri kwenye diski, kisha upime. Sukuma pistoni za kalipa. Pistoni ikiwa na kutu mgongoni, kalipa hiyo iache hapohapo. Pedi, sili na mipira ya breki nunua vipya, hata kama vya zamani vinaonekana vizima.

La pili ni seti kamili iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lako. Mwenye Morris Minor hana budi kuanzia hapa, kwa sababu gari hilo halikutoka kiwandani na diski hata siku moja. Muulize muuzaji: gurudumu litasogea nje milimita ngapi? Zikizidi, tairi itakula ukingo wa madigadi ukikata kona. Pedi zake ni za gari gani? Kama ni za gari la kawaida, utazipata miaka kumi ijayo. Na nyuzi (mistari ya skrubu) za viungo vya paipu ni za milimita au za inchi? Nati ya inchi tatu kwa nane na ya milimita 10 ukizishika mkononi huwezi kuzitofautisha. Ile ndogo inaingia kwenye tundu la kubwa, inazunguka vizuri, hata inaonekana imekaza. Siku utakayokanyaga kwa nguvu zote ndiyo siku itakayochomoka. Ichunguze kwa geji ya nyuzi, usiamini vidole.

La tatu litawashangaza wengi: kubaki na dramu na kuzifufua. Gari likiwa na injini yake ya asili na haliendi mbali wala milimani, dramu zilizochongwa zikawa duara sawasawa, viatu vipya na silinda mpya za magurudumu zitalisimamisha vizuri. Naziweka juu ya seti kubwa za kalipa za pistoni nne, ambazo nimezipa nafasi ya nne. Hizo zinafaa injini iliyoongezwa nguvu. Kwenye gari jepesi la kawaida, tairi itateleza kabla hujafaidi nguvu yote uliyoilipia.

Nafasi ya mwisho ni kuokoteza: kalipa ya gari hili, diski ya lile, na kipande cha chuma kilichochomelewa kuziunganisha. Sikushauri.

Sasa masta silinda, ambayo wauzaji wengi huikwepa. Kalipa inakunywa mafuta ya breki mengi kuliko silinda ya dramu, na diski haijivuti yenyewe kama kiatu cha dramu, hivyo inataka shinikizo kubwa zaidi. Ukiweka masta yenye kipenyo kikubwa, pedeli inakuwa fupi lakini ngumu. Kipenyo kidogo, inakuwa laini lakini ndefu. Seti isiyotaja kipenyo cha masta haijakamilika. Masta nyingi za dramu zina vali ndani inayobakiza shinikizo kwenye paipu, na ikiachwa pedi zitaisugua diski muda wote hadi ichemke. Kwenye Morris Minor masta imekaa chini ya sakafu, kwa hiyo hapo unahitaji vali nyingine, ya shinikizo dogo la psi 2, ili mafuta yasirudi nyuma. Busta, kifaa kinachoongeza nguvu ya kukanyaga, inausaidia mguu wako tu. Ukiifunga, hakikisha ukikanyaga breki magurudumu ya nyuma hayagandi kabla ya mbele. Yakiganda, weka vali ya kupunguza shinikizo la nyuma.

Boksi likifika, lifungue siku hiyohiyo. Seti yangu ya kwanza ilikuja na kalipa mbili za upande mmoja. Zilifunga bila shida, ila nipeli ya kutolea upepo upande mmoja ilikaa chini, na hewa hukaa juu. Nilitoa upepo siku nzima, pedeli ikabaki kama sponji. Ziweke kalipa zote mbili mezani kama zitakavyokaa kwenye gari, nipeli zitazame juu. Moja ikitazama chini, irudishe kabla hujashika spana.