Vitabu vya theolojia ya Zaburi: nilivyovipima, na ninavyovitumia hapa Moshi

Nikishika kitabu chochote kinachofundisha Zaburi, kabla ya kutazama bei hufungua anachosema mwandishi juu ya Zaburi ya 88. Ile inaanza kwa kilio na inaishia gizani, haina mstari wa kufariji mwishoni. Mwandishi anayeiruka, au anayeikimbiza mpaka kwenye ushindi ambao haumo, namrudisha rafuni. Anayekaa nayo namfungua tena kwenye 109 na 137, zile za laana na kisasi. Akivuka hapo, ndipo nauliza bei.

Kipimo hiki kilitokana na kazi niliyopewa usharikani, kuongoza kipindi cha Biblia cha katikati ya wiki. Wanaokuja ni akina mama wa sokoni, walimu wastaafu na vijana wachache wa bodaboda. Zaburi ya 23 na ya 121 wanazisema kwa kichwa. Hata kitabu chetu cha nyimbo, Mwimbieni Bwana, kimebeba maneno yanayofungua Zaburi ya 96. Kwa hiyo maana ya mstari huu au ule si shida yao kubwa. Wanauliza Mungu anayesemwa humo ni wa namna gani, na kwa nini huyu anamsifu na yule anamshtaki, wote ndani ya kitabu kimoja.

Vya Kiswahili nilivyovikuta madukani vingi ni vijitabu vya maombi: 91 kwa ulinzi, 35 kwa maadui, 109 kwa anayekuonea. Sivibezi. David Adamo wa Nigeria ameandika kwa uzito jinsi makanisa ya Kiafrika yanavyozitumia Zaburi kwa ulinzi, uponyaji na mafanikio, na ukimsoma huwezi tena kuwacheka watu hao. Ila kijitabu kinachokupa namba ya Zaburi kama dozi ya kidonge hakikuambii aliyeitunga Zaburi hiyo aliamini nini. Ndiyo sababu nimeishia kwenye vitabu vya Kiingereza: naandalia nyumbani, nafundisha kwa Kiswahili, huku tafsiri mbili za Biblia, Union Version na Habari Njema, zikiwa wazi pamoja mezani.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni cha Walter Brueggemann, The Message of the Psalms, cha mwaka 1984. Anazipanga Zaburi katika makundi matatu: za maisha yaliyotulia, za maisha yaliyovurugika, na za mtu aliyeinuliwa upya baada ya kuvurugika. Ya 88 ameishughulikia, ya 109 na ya 137 pia, na hajaziombea radhi. Hoja yake ni kwamba kumlalamikia Mungu usoni ni imani yenye ujasiri, na kanisa linaloimba sifa peke yake linaficha nusu ya maisha ya watu wake. Nilipoisoma 88 kipindini kwa sauti, bila maelezo, mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kumbe hata hii imo?" Tulikaa nayo jioni nzima, tukaacha ratiba.

Kasoro zake zipo. Hagusi Zaburi zote 150, kwa hiyo ukitaka maelezo ya ile utakayohubiri Jumapili huenda usiikute. Na yale makundi matatu yamenyooka mno kwa ladha yangu. Zaburi ya 23 ameiweka kwenye kundi la tatu. Mimi ningeweza kuitetea ikae kwenye la kwanza, na hata kipindini tumebishana juu ya hilo.

Hans-Joachim Kraus ni mzigo mwingine. Theology of the Psalms ilitoka kwa Kijerumani mwaka 1979 na kwa Kiingereza 1986, na hafuati namba za Zaburi bali mada: Mungu wa Israeli, watu wake, patakatifu na ibada, mfalme, nguvu za adui, mtu mmoja mbele za Mungu, kisha Zaburi ndani ya Agano Jipya. Nilikisoma kwanza kwenye maktaba ya chuo upande wa Usa River kabla ya kukitafuta changu. Sura ya maadui peke yake inatosha kukinunua. Huku kwetu mtu akisoma "adui zangu" mara nyingi tayari ana jina la jirani kichwani. Kraus anakulazimisha utenganishe maadui wa taifa, wanaomshtaki mtu kwa uongo, na nguvu zilizo kubwa kuliko binadamu. Lakini ni kigumu. Kiebrania kimejaa, na anabishana na Gunkel na Mowinckel, wataalamu wa Zaburi waliomtangulia, kana kwamba umeshakaa nao darasani. Usimpe mwinjilisti anayeanza.

Kuna jambo moja ambalo nililipata kwa wanaofuata utafiti wa Gerald Wilson wa mwaka 1985 kuhusu jinsi Zaburi zilivyopangwa, nalo limebadilisha kabisa namna ninavyopanga masomo. Zaburi ni vitabu vitano: 1–41, 42–72, 73–89, 90–106 na 107–150. Cha tatu kinaishia na 89, ambako agano la Daudi, ahadi ya Mungu kwa ukoo wake wa kifalme, linaonekana limevunjika. Kinachofuata ni 90, sala ya Musa, na baada yake kidogo zinakuja zile za "BWANA ametamalaki". Mfalme wa Yerusalemu ameanguka, ndipo unaambiwa nani hasa anatawala. Clinton McCann amelieleza vizuri katika kitabu chake kidogo cha 1993, kwa Kiingereza chepesi kuliko cha Kraus.

Derek Kidner, juzuu mbili za 1973 na 1975, nampenda kwa ufupi: Zaburi zote, kurasa chache kila moja, hapotezi maneno. Anavichukulia kwa uzito vichwa vya Zaburi vinavyomtaja Daudi, jambo ambalo wengi hapo juu hawalifanyi. Africa Bible Commentary ya 2006, kazi ya wataalamu 70 wa Kiafrika, kila usharika uwe nayo, ila Biblia nzima imo ndani ya juzuu moja, kwa hiyo Zaburi zimepitwa haraka.

Tahadhari kwa mnaonunua vya mtumba: vitabu vya zamani vya Kikatoliki hufuata namba za Zaburi za Biblia ya Kigiriki na ya Kilatini, hivyo 23 yetu kwao ni 22, na 51 ni 50. Hakikisha kabla hujadhani kitabu kimekosewa.

Kama fedha inatosha kitabu kimoja na unaongoza kikundi, chukua Brueggemann. Kama unahubiri kila wiki, chukua Kidner. Kraus subiri umkute maktabani, usome ile sura ya maadui, kisha uamue.